El Niño ya 2023-2024 nchini Tanzania na Zambia

El Niño ya 2023-2024 iliathiri Tanzania na Zambia kwa namna tofauti, ingawa nchi hizo zinapakana, mpaka wa Tunduma na Nakonde ukiwa njia kuu ya biashara.

Nchini Zambia mvua ilikatika na mahindi yakakauka. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Kwa kuwa umeme wa Zambia hutegemea zaidi maji, kina cha Ziwa Kariba kiliposhuka umeme ulikatwa saa nyingi kila siku.

Tanzania ilipata mvua kupita kiasi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba ya bonde la Rufiji. Hata hivyo ilikuwa na mahindi ya akiba, zao kuu la Nyanda za Juu Kusini, ikaiuzia Zambia. Tena ina umeme wa gesi asilia. Hivyo ukame mmoja uliwanyima Wazambia wengi unga na umeme kwa pamoja.