Msituuzie Bima ya Bomba Lisilo na Maji

Kuna wazo linaloenea kati ya wenye nyumba wa Kisangani, na wanaolieneza ni watu waliosoma: kwamba soko la bima sasa limefunguliwa, basi kila mwenye parseli akate bima ya bomba lake la maji na ya njia yake ya maji machafu, kama wafanyavyo Wamarekani. Nalipinga wazo hili kwa nguvu zangu zote. Kwa mji wetu, bima ya namna hiyo ni kodi mpya juu ya mgongo wa mtu ambaye tayari anabeba mzigo usio wake.

Wamarekani wana sababu yao. Pale New York mwenye nyumba ndiye mmiliki wa bomba linalotoka kwenye bomba kuu la barabarani hadi ndani kwake, na vilevile bomba linalopeleka uchafu kwenye mfereji mkuu wa jiji. Likipasuka chini ya lami, kulichimbua ni maelfu ya dola. Lakini maji yapo saa zote, mfereji mkuu upo, mpaka kati ya mali ya jiji na mali ya mtu unajulikana. Hapo mtu anaweza kupiga hesabu: nilipe kidogo kila mwezi, au niweke akiba nisubiri siku mbaya? Hata kule jibu si lile lile kwa kila nyumba.

Kwetu hesabu hiyo haina pa kuanzia. Nani anamiliki kipande cha bomba kati ya barabara na kontere yako, yaani mita ya maji? Faktire ya Regideso, shirika la maji la serikali, haisemi. Fundi anayekuja kuunganisha anakwambia ununue mabomba mwenyewe, ulipe vijana wa kuchimba, umlipe na yeye. Kipande hicho kikipasuka mwaka ujao, unanunua tena. Wengine hata kontere hawana, wanatozwa kwa makadirio, maji yatoke yasitoke. Mtu huyu amekuwa kampuni ya bima ya Regideso miaka yote hii, bila mkataba na bila malipo. Leo mnamtaka akate bima juu ya bima!

Pita komini ya Mangobo baada ya mvua kubwa ukaangalie chini. Mmomonyoko umeondoa udongo, na bomba lililozikwa zamani limebaki uchi, limekatiza mtaro wa maji machafu. Kwenye kiungio limefungwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, mpira uliochakaa kwenye toleka, yaani teksi ya baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Maji yakiwa na nguvu, hapo panachuruzika, na watoto wanakinga. Nguvu ikiisha, hapo hapo ndipo hatari inapoingia.

Mashine za bwawa la Tshopo zikisimama, pampu za maji nazo zinasimama. Bomba likikosa msukumo linaanza kuvuta, na kinachovutwa ni kile kilichomo mtaroni. Maji yakirudi jioni, ndoo ya kwanza inakwenda mezani kwa jirani wa chini, yule ambaye bomba lake ni zima kabisa. Bima gani itamfidia? Bima inalipa bomba lililovunjika la mwenye mkataba. Mwaka 2011 kipindupindu kilizuka hapa kwetu, kikashuka na mto Kongo mji kwa mji hadi Kinshasa. Bomba bovu ni jambo la mtaa mzima, na dawa yake haiwezi kuuzwa nyumba moja moja.

Kisha msome mikataba. Karibu kila bima ya mali inaweka kando uchakavu, udongo unaoteleza, na vita. Toeni hayo matatu, kwa Kisangani kinabaki nini? Mabomba yetu mengi ni mazee, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na vita tunavijua kwa majina ya waliokufa. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu siku sita, makombora zaidi ya 6,000 yakatuangukia, umeme ukakatika na maji pamoja nao. Ilibidi kungoja hadi tarehe 9 Februari 2022 ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na humo milioni 40 tu ndizo za mali, kwa nchi nzima.

Ya maji machafu sitayasemea mengi. Nyumba zetu zina shimo la choo au fose septiki. Mfereji wa umma wa kuupokea uchafu huo haupo, na anayekuuzia bima ya njia isiyofika popote anakuibia mchana.

Machi 2015 ilitangazwa sheria iliyovunja ukiritimba wa Sonas, kampuni ya serikali, kwenye bima. Desemba mwaka huo huo ikatangazwa sheria ya maji, ikayakabidhi majimbo na serikali za chini jukumu la huduma hiyo. Ile ya bima imekwisha kuzaa: kampuni za binafsi zilipata vibali mwaka 2019. Ile ya maji, nendeni komini ya Lubunga mkawaulize kinamama wenye mabido kichwani imewaletea nini. Na kifungu cha 48 cha Katiba kinatuhakikishia maji ya kunywa. Jimbo la Tshopo haliwezi kukaa kimya huku deni lake likigeuzwa bidhaa ya kutuuzia.

Pesa mliyotaka kupeleka kwenye bima, iwekeni kwenye likelemba, mchango wa zamu, ya avenue yenu. Nunueni mabomba mazuri na vali kwa pamoja, myazike kwa kina, myaondoe mtaroni. Nyumba ikatieni bima ya moto mkiweza, hiyo ina maana. Na wakala wa Regideso akija kudai malipo ya ukarabati, msimpe faranga hata moja kabla hajaandika kwenye karatasi, kwa sahihi na muhuri, bomba la shirika linaishia wapi na lenu linaanzia wapi. Nakala ya karatasi hiyo pelekeni kwa burgumestre wa komini, na nyingine kwa mbunge wenu wa jimbo.