Thabeet: Mita 2.21 na miaka iliyopungua

Juni 25, 2009 mjini New York, Hasheem Thabeet aliweka historia kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa kuingia NBA, tena katika nafasi ya pili, akichukuliwa na Memphis Grizzlies. Stephen Curry aliitwa wa saba.

Tofauti ya wawili hao ilianza utotoni. Curry, ambaye baba yake alicheza NBA, alikua na mpira mkononi. Thabeet aliugusa mpira wa kikapu jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka ipatayo 15. Akamalizia sekondari Houston, kisha akacheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako urefu wake wa mita 2.21 ulitosha kuwatisha wafungaji.

NBA, penye warefu tele, haikumsubiri ajifunze. Februari 2010 Grizzlies ilimpeleka kwa muda Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu hivyo aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Wengi walimlaumu yeye. Ni wachache waliohoji shule za nyumbani zilizomkuza bila kumpa mpira mapema. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikoma, naye akaendelea kucheza Japani na Taiwan.