Jembe Walipewa, Kiwanja Hawakupewa

BARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Aliyewahi kupanga chumba Dar es Salaam anaijua kodi ya miezi sita. Unalipa kwa mkupuo, unapumua, na mwezi wa nne haujaisha unaanza kumsikilizia mwenye nyumba leo kakohoa vipi. Hata msumari wa kutundikia picha unaufikiria mara mbili. Niliishi hivyo Sinza miaka minne, nikadhani ndiyo mateso. Marekani wapo walioishi hivyo tangu 1999. Mwenye nyumba wao ni serikali, na akigoma kuongeza mkataba hakuna mtaa wa pili wa kuhamia.

Wenyewe wanaiita TPS, hadhi ya ulinzi wa muda. Ilizaliwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwezi Novemba mwaka huo. Nchi ikikumbwa na vita, tetemeko au kimbunga, raia wake waliokwisha kuwa Marekani hawarudishwi. Wanapewa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi kwa miezi 6, 12 au 18. Muda ukikaribia kwisha, serikali inaangalia hali ya kule kwao, kisha inaongeza au inafuta. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wamarekani walikuwa wepesi kuliko wahenga wetu, jembe walilitoa siku ya kwanza. Kiwanja ndicho walichokibana.

Wengi hudhani Bunge la Marekani lilisahau tu kuandika mwisho wa hadithi hii. Halikusahau. Ndani ya sheria ileile ya 1990 mna kifungu kinachoizuia Seneti kujadili muswada wowote wa kuwapa wenye hadhi hiyo ukaazi, uwe wa muda au wa kudumu, mpaka tatu ya tano ya maseneta wote wakubali kukiweka kando. Maana yake ni maseneta 60 kati ya 100. Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Mtu amekukaribisha sebuleni, na palepale anafunga mlango wa ndani kwa kufuli na kukueleza kwamba ufunguo hautoki mpaka ukoo mzima ukae kikao. Mtaalamu atanikumbusha kuwa Seneti karibu kila kitu inakidai kura 60. Sawa. Lakini ile ni desturi ya nyumba, inaweza kubadilishwa siku moja. Hili limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe wa mgeni.

Na kufuli limefanya kazi yake. Juni 2019 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuwapa ukaazi wa kudumu vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto, pamoja na watu wa TPS waliokaa mfululizo miaka mitatu au zaidi. Kura zilikuwa 237 kwa 187. Machi 2021 ukapita tena, 228 kwa 197. Mara zote mbili ulifika mlangoni kwa Seneti ukalala. Baadaye mwaka huo Democrats wakajaribu kupita uani, wakaingiza suala hilo kwenye muswada wa bajeti ambao kwa taratibu zao hupita kwa wingi wa kawaida. Mshauri wa kanuni wa Seneti, Elizabeth MacDonough, akawaambia hilo si jambo la bajeti. Walirudi na maandiko mengine, akakataa tena.

Mahakamani nako hapakuwa na nafuu. Mume na mke kutoka El Salvador, wenye TPS tangu 2001, waliomba grini kadi na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu. Mume alikuwa ameingia nchini bila kukaguliwa mpakani. Juni 2021 majaji wote tisa, kwa kalamu ya Jaji Elena Kagan, wakasema TPS inakuruhusu kukaa lakini haihesabiki kuwa uliingia kihalali. Kisheria siwezi kuwalaumu, wamesoma kilichoandikwa. Kiwanja hakigawiwi na hakimu.

Kwamba Seneti ikitaka inaweza, Waliberia ni ushahidi. Walipewa hadhi hii 1991 vita vilipowafukuza kwao, wakaishi miaka 28 wakihamishwa kutoka kibali kimoja kwenda kingine. Seneta Jack Reed wa Rhode Island alilibeba suala lao miaka mingi bila mafanikio, mpaka Desemba 2019 lilipochomekwa ndani ya muswada mkubwa wa matumizi ya jeshi, ambao hakuna mwanasiasa anayependa kuonekana ameupinga. Ukapita. Aliyetia saini ni Donald Trump, yuleyule aliyekuwa ametangaza mwaka uliotangulia kwamba Waliberia muda wao umekwisha.

Wanaopinga wana hoja, na sipendi inavyodharauliwa. Wanasema wa muda ni wa muda. Kimbunga Mitch kiliua zaidi ya watu 10,000 Amerika ya Kati, lakini kilipita 1998. Mkigeuza kila hifadhi ya muda kuwa ya kudumu, janga lijalo hakuna rais atakayethubutu kufungua mlango. Ningekuwa upande wao kama serikali zao zingefuata maneno yao. Wanyarwanda walipewa hadhi hii 1994 ikafutwa 1997. Hapo muda ulikuwa muda kweli. Wahondurasi walipewa na Clinton, Bush mdogo akaongeza, Obama akaongeza, Biden akaongeza, wakazaa na kusomesha huko, na mwaka 2025 serikali ya Trump ikatangaza kwamba mvua za Mitch zimekauka. Zilikuwa zimekauka tangu mwanzo wa karne.

Mwaka huohuo ada ya kujiandikisha TPS, ambayo sheria ya 1990 iliizuia isizidi dola 50, ilipandishwa hadi dola 500. Sisemi kitu.

Nasi tuna la kusimulia hapa, ingawa si la kutembea kifua mbele. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima, na kwa miaka 35 wakaitwa wakimbizi. Mwaka 2007 serikali iliwauliza: mnarudi au mnabaki? Wengi wakajibu wanabaki, na waliokubaliwa uraia walizidi 162,000. Vyeti vilikwama kwa miaka kwa kuwa walitakiwa kwanza watawanyike mikoani, na Rais Kikwete alianza kuvigawa Oktoba 2014. Warundi waliokuja na vita vya miaka ya 1990 hawakuulizwa swali lile. Hata hivyo swali lilikuwepo, likaulizwa, likajibiwa. Marekani nayo ilikuwa na Warundi wake, wachache, waliopewa TPS 1997. Wakati watu wa Katumba wanajaza fomu za uraia, wale wa huko walikuwa wanajulishwa kwamba hadhi yao inakoma Mei 2009.

Swali la namna hiyo ndilo ningelitaka ndani ya sheria ya Marekani, likiwa na tarehe. Weka miaka mitano, au hata kumi ukiona mitano inakutisha. Ikifika na serikali yenyewe bado inaongeza muda, basi mtu huyo, kama hana kosa la jinai, apewe haki ya kuomba ukaazi wa kudumu. Serikali isiyotaka kufika huko iseme mapema, mtoto akiwa bado hajaanza shule.

Wasalvador waliongezewa mara ya mwisho Januari 2025, hadi Septemba 9, 2026. Sheria inataka uamuzi ufanywe angalau siku 60 kabla ya tarehe hiyo. Aliyepata hadhi hii 2001 akiwa na miaka 30 sasa ana 55, na Julai anaisubiri kama mimi nilivyousubiri mwezi wa sita pale Sinza.