Dirisha la Mpangaji Halimo Kwenye Fomu ya Kodi

Tarehe 31 Desemba 2025 ilikuwa siku ya mwisho kwa mkazi wa Marekani kuweka dirisha au mlango unaozuia baridi, ili baadaye adai sehemu ya gharama kwenye kodi yake ya mapato. Sheria aliyoitia saini Rais Joe Biden Agosti 2022 ilikuwa imeinenepesha nafuu hiyo: asilimia 30 ya bei, isizidi dola 600 kwa mwaka kwa madirisha, dola 250 kwa mlango mmoja na dola 500 kwa milango yote. Sheria ya Rais Donald Trump ya Julai 2025 ikaikatisha. Wapo wanaotaka irudi kama ilivyokuwa. Naunga mkono fedha za umma kwenda kwenye madirisha ya watu, lakini sikubali zipitishwe tena kwenye fomu ya kodi, kwa sababu fomu ile haikuwafikia wanaotetemeka zaidi.

Kwamba dirisha ni jambo zito halina ubishi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa joto linaloingia na kutoka kupitia madirisha hula asilimia 25 hadi 30 ya nishati inayotumika kupasha moto na kupoza nyumba. Chukua dirisha la kioo kimoja huko Minnesota mwezi wa Januari. Mvuke wa sufuria na pumzi za waliolala hugandia kioo kwa ndani. Jua likipanda, barafu ile huyeyuka, maji yakachirizika hadi kwenye mbao za fremu, na baada ya muda ukungu mweusi huota pembeni. Watu hubandika karatasi ya plastiki dirishani na kusukumia taulo lililokunjwa chini ya mlango, huku hita ikinguruma usiku kucha na bili ikipanda. Dirisha la kisasa lina vioo viwili, kati yake mara nyingi hujazwa gesi ya agoni isiyopitisha joto kwa wepesi, na juu ya kioo kuna utando wa metali mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, unaorudisha joto chumbani.

Sasa tazama nani aliyeweza kulipata kwa msaada wa serikali. Kwanza ulipe fundi bei yote, ndipo usubiri msimu wa kodi. Pili, nafuu ilipunguza kodi unayodaiwa tu. Asiyedaiwa hakupewa kitu, wala salio halikusogezwa hadi mwaka uliofuata. Mume na mke ambao mapato yao ya pamoja mwaka 2024 hayakufika dola 29,200 hawakuwa na kodi ya mapato ya kupunguziwa. Wachumi Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza nafuu za kodi za nishati safi, zikiwemo za aina hii, za miaka ya 2006 hadi 2012, zilizogharimu zaidi ya dola bilioni 18. Walikuta asilimia 20 ya watu wenye mapato makubwa walichukua takriban asilimia 60 ya fedha hizo, na asilimia 60 ya walio chini waligawana kama asilimia 10. Mpangaji ndiye aliyeachwa nje kabisa. Bili analipa yeye, lakini dirisha ni mali ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asiyeishi humo hakuruhusiwa kudai nafuu. Kisheria mpangaji hakuweza kudai hata kama angenunua dirisha mwenyewe, na hata angeruhusiwa, nani ataweka mamia ya dola kwenye ukuta wa mtu anayeweza kumwambia ahame? Hili linawagusa ndugu zetu wa lugha: kwa miaka kadhaa hadi 2024 Wakongomani, wengi wao wakizungumza Kiswahili, walikuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na mkimbizi huanza maisha kwenye nyumba ya kupanga.

Wapinzani wana hoja ya kusikilizwa, kwamba madirisha ni ghali na huchukua miaka mingi kurudisha gharama. Ni kweli, na ndiyo sababu anayepaswa kuamua ni fundi wa vipimo. Mpango wa serikali ya Marekani wa kuzisitiri nyumba za wenye kipato kidogo, ulioanza mwaka 1976, hufanya hivyo tayari. Fundi hufunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, feni ivute hewa ya ndani, na baridi huanza kupenya kila palipo na ufa: chini ya mlango, pembeni mwa fremu, kwenye soketi za umeme. Mara nyingi dawa ni silikoni na mpira wa kuzibia, si dirisha jipya. Familia inayostahili hailipi kazi hiyo. Wengine wanahofu kwamba fedha za umma zitamtajirisha mwenye nyumba, naye apandishe kodi ya pango. Kanuni za mpango huo zinataka mpangaji akingwe dhidi ya ongezeko la pango litokanalo na kazi hiyo kwa muda unaofaa. Muda huo uandikwe kwa miaka inayohesabika, maana "muda unaofaa" ni maneno anayoweza kuyavuta kila mtu upande wake.

Kikwazo kinachobaki ni saini ya mwenye nyumba, maana bila idhini yake fundi haingii. Hapo ruzuku peke yake haitoshi. Mji wa Boulder, Colorado, ulipitisha kanuni mwaka 2010 na kuzipa nyumba za kupangisha hadi mwisho wa 2018 kufikia kiwango cha matumizi bora ya nishati. Isiyofikia isingepata leseni ya kupangishwa. Kukiwa na sharti kama hilo, pamoja na mpango unaolipia kazi, mwenye nyumba ndiye atakayempigia simu fundi, kabla theluji haijaanza.