Anayeshika laini ndiye wa kushikwa

Enzi za ukoloni, wanawake wa Nairobi waliofanya ukahaba waliitwa kwa namna ya kazi yao: watembezi walizunguka mitaani, malaya walingoja wateja chumbani, na wazi-wazi waliketi mlangoni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba kati yao na mteja hakukuwa na kuwadi. Pesa ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, na wapo walioitumia kujenga nyumba Pumwani.

Leo kuwadi yupo, tena yumo ndani ya simu.

Kafyu ya Korona ya Machi 2020 na kufungwa kwa baa viliwasukuma makahaba wengi mtandaoni. Lakini msichana wa Laini Saba kule Kibera, au wa Kawangware, anayeishi na ndugu zake katika chumba kimoja, atapata wapi simu nzuri, bando na faragha? Anayempa hivyo humshikia nywila, picha na laini ya M-Pesa inayopokea malipo. OnlyFans, mtandao ambako wengi huuza picha na video zao za faragha, hukata asilimia 20 na kila muuzaji anajua. Kuwadi hukata apendavyo. Msichana akitaka kuondoka, hutishiwa kwamba picha zake zitatumwa kwa jamaa zake.

Sheria za kumbana mtu huyu zipo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 17, humpa anayenufaika kwa kuendesha ukahaba wa mwingine kifungo kisichopungua miaka 5, faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 huadhibu anayesambaza picha za faragha. Na aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kujadiliwa. Kumuuza ni unyanyasaji wa mtoto.

Hata hivyo, mwanamke ndiye anayeogopa kituo cha polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, humharamishia kuishi kwa mapato ya ukahaba, nazo sheria ndogo za kaunti huwapa kanjo, yaani askari wa kaunti, nafasi ya kumkamata barabarani. Akieleza alivyonyang'anywa, itambidi aeleze pia alichokuwa akifanya.

Kufunga mitandao hakutamwokoa. Marekani ilipitisha sheria kali dhidi ya tovuti zinazowezesha ukahaba mwaka 2018, na tovuti ya matangazo ya Backpage ilifungwa mwaka huohuo. Kufikia Machi 2021, wakaguzi wa serikali walikuta kifungu cha jinai cha sheria hiyo kimetumika katika kesi moja tu.

Nairobi ina njia bora. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake, na laini husajiliwa kwa kitambulisho. Laini moja ikipokea malipo ya wasichana watano, mpelelezi ana pa kuanzia. Kinachokosekana ni shahidi asiyeogopa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma atoe mwongozo ulioandikwa kwamba mwanamke anayemshtaki kuwadi hatashtakiwa kwa ukahaba wake, na Bunge la Kaunti lifute sheria ndogo zinazotumika kumkamata. Kisha wapelelezi waanze na laini hizo.