Hakukuwa na Bomu: Tunapinga Nadharia au Tunapinga Tafsiri?

Katika mdahalo wa mwisho wa muhula wa chama chetu cha Kiswahili, mada ilihusu chanzo cha ulimwengu: je, nadharia za kisayansi zinakieleza? Msemaji wa kwanza wa upande wa kupinga alisimama, akarekebisha tai yake, kisha akauliza swali moja tu: "Ndugu zangu, ni bomu gani mliloliona likilipuka sokoni likaacha nyuma yake duka lililopangwa vizuri, sukari kwenye rafu na bei zimeandikwa?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata mimi nilipiga. Upande wa kuunga mkono haukupata pumzi tena, na jaji alipotoa hukumu akaongeza neno lake: mada za namna hii tuwaachie wenzetu wa klabu ya Kiingereza, kwa maana Kiswahili bado hakijafika huko. Wiki iliyofuata kamati ikabandika tangazo kwamba kuanzia muhula ujao midahalo yetu itahusu fasihi, utamaduni, ndoa na siasa.

Naandika kuwapinga wote wawili, msemaji na jaji, ingawa mmoja ni rafiki yangu wa karibu na mwingine ni mwalimu wangu, na shikamoo yangu kwake haijapungua. Kosa lao ni moja. Walikuwa wakizungumzia neno "mlipuko" huku wakidhani wanazungumzia ulimwengu.

Bomu linahitaji mahali pa kulipukia. Linahitaji soko, hewa ya kusukumwa, na watu wa kukimbia. Nadharia inayoitwa kwa Kiswahili "Mlipuko Mkuu" haina hata kimoja kati ya hivyo. Inasema kwamba takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu wote ulikuwa katika hali ya joto kali na msongamano usiofikirika, na kwamba tangu wakati huo nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka na kupoa. Haikuwapo nafasi tupu pembeni ambayo vitu vilirushwa ndani yake. Chukua donge la unga wa mandazi uliochanganywa na simsim, liache liumuke. Kila punje ya simsim itaziona nyingine zote zikienda mbali nayo, na hakuna punje hata moja iliyorushwa na mtu. Mfano huu una kasoro yake, kwa sababu donge lina ukingo na linaumukia ndani ya bakuli, na hakuna ajuaye bakuli la ulimwengu. Lakini unakaribia ukweli kuliko bomu la sokoni. Ukiuliza unga unaoumuka umepangaje duka, swali lenyewe linakosa miguu.

Hilo jina limetoka wapi? Limetoka kwa mpinzani. Aliyeitunga nadharia ni Georges Lemaître, Mbelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama kitu alichokiita atomu ya mwanzo. Fred Hoyle wa Uingereza hakuipenda. Yeye na wenzake walikuwa na nadharia yao ya mwaka 1948, kwamba ulimwengu hauna mwanzo na sura yake haibadiliki. Mwaka 1949, akizungumza redioni BBC, Hoyle akaipa nadharia ya wenzake jina la Kiingereza ambalo maana yake ya wazi ni kishindo kikubwa. Hoyle hakuikubali nadharia hiyo hadi alipofariki mwaka 2001, lakini jina alilolitoa likabaki. Sisi tukapokea kishindo tukakigeuza mlipuko, neno ambalo mtu wa Kampala aliyekuwapo Julai 2010 hawezi kulisikia bila kukumbuka miili.

Msemaji alidai pia kwamba nadharia hii ilibuniwa na watu wasioamini Mungu. Hapo nasikitika kumwambia kwamba Lemaître alikuwa padri wa Kanisa Katoliki. Na mwaka 1951, Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba iliyoelekea kuichukua nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji, padri huyo hakufurahi. Hakutaka fizikia ifanywe katekisimu, wala katekisimu ifanywe fizikia. Mimi ni mtu wa kanisani kila Jumapili na sijaona mahali ambapo joto la ulimwengu wa kale linanizuia kusali. Nadharia inaeleza ulimwengu ulivyokua kutoka katika hali ya joto. Haielezi kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo kitu, na mwanasayansi mkweli akifika kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya sekunde ya kwanza atakwambia hesabu zake zinavunjika.

Sasa nije kwenye neno lililoniuma zaidi: "Ni nadharia tu." Limesemwa na mwanafunzi wa Kiswahili! Wenzangu, sisi tunaoketi darasani mwaka mzima tukisoma nadharia za chimbuko la Kiswahili, ndio tunaosema "nadharia tu"? Tulifundishwa kwamba wapo waliodai Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu kina maneno mengi ya Kiarabu. Wapo waliodai ni krioli. Na wapo waliosema ni Kibantu. Je, mwalimu alituambia tuchague ile inayotupendeza? Hakutuambia hivyo. Alitupeleka kwenye ngeli za nomino, kwenye upatanisho wa kisarufi, kwenye mnyambuliko wa vitenzi, akatuonyesha kwamba maneno hukopwa kirahisi lakini mifupa ya lugha haikopwi hivyo. Tukaona nafasi ya Kiswahili katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, G42, miongoni mwa ndugu zake. Tukatoka darasani tukisema kwa kifua mbele kwamba Kiswahili ni Kibantu. Hatukusema "ni nadharia tu", kwa sababu nadharia moja ilibeba ushahidi na nyingine ziliuangusha.

Ya Hoyle nayo iliangushwa vivyo hivyo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa huko New Jersey, Marekani, nayo ilitoa mnong'ono usiokoma. Wakaielekeza huku na kule, mnong'ono ni uleule. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao. Mnong'ono ukabaki. Ulitoka kila upande wa mbingu, usiku na mchana, na joto lake lilikuwa takriban nyuzi 270 chini ya sifuri. Ulikuwa masalia ya joto la ulimwengu wa kale, lililopoa kwa kutanuka, jambo ambalo wataalamu wengine walikuwa wamelibashiri tangu mwaka 1948. Mwaka 1978 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Zile chenga tulizokuwa tukiziona kwenye televisheni za zamani stesheni inapopotea, sehemu yake ndogo ilikuwa mnong'ono huohuo. Babu yangu aliupiga kofi ule mtungi wa televisheni kila jioni bila kujua anapigana na nini.

Ongeza hapo kwamba takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida iliyotengenezwa mwanzoni ni gesi ya heliamu, kiasi ambacho hesabu za ule wakati wa joto hukitoa. Haya ndiyo mambo ambayo mpinzani anapaswa kuyajibu. Bomu la sokoni halijibu lolote kati ya haya.

Mdahalo uligusa pia "mashimo meusi", na hapo upande wa kuunga mkono ndio ulioniaibisha. Msemaji wao alitisha ukumbi kwamba shimo jeusi linafyonza kila kitu na siku moja litaifyonza dunia. Neno tena! Si shimo. Ni maada nyingi iliyobanwa mahali padogo mno, hata mwanga ukikaribia kupita kiasi hautoki. Kama jua letu lingebanwa likawa hivyo, nusu kipenyo chake kingekuwa kama kilomita 3, na dunia ingeendelea kulizunguka palepale inapozunguka sasa. Tungekufa kwa baridi, lakini tusingefyonzwa. Katikati ya galaksi yetu kuna moja lenye uzito wa takriban majua milioni 4, na jua letu na sayari zake linazunguka kitovu hicho kwa mbali sana, salama. Picha yake ilitangazwa Mei 2022, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza kabisa, ya galaksi ya M87.

Na huyu jaji anayesema Kiswahili hakijafika huko, ningependa ajue kwamba kilifika kabla hatujazaliwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, akaiita Uhuru. Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 hubadilika ndani ya chini ya sekunde moja, ishara kwamba chanzo chenyewe ni kidogo sana. Darubini nyingine zikaitazama nyota inayokizunguka, na uzito uliopatikana ulikuwa mkubwa mno kwa nyota mfu ya aina nyingine yoyote. Hilo ndilo likawa shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi wengi walilikubali, na wanaolisoma popote duniani wanakutana na neno letu.

Najua nitajibiwa kwamba Waingereza nao wana jina baya na bado wanaelewana. Kweli. Lakini mtoto wa Kiingereza akikutana na jina hilo, nyuma yake kuna vitabu, vipindi na walimu wa kulisahihisha. Mtoto wa Mbale anayesoma Kiswahili anakutana na "mlipuko" peke yake, bila ukurasa wa pili. Na ukurasa wa pili unapaswa kuandikwa na nani kama si sisi? Kamati imechagua njia rahisi, kufunga kitabu.

Nimewaandikia barua. Naomba mada ileile irudi muhula ujao, kwa Kiswahili, na neno "mtanuko" litumike badala ya "mlipuko". Rafiki yangu abaki upande wake wa kupinga, na apewe dakika 10 badala ya 7. Sharti langu ni moja: asilete bomu.