Usikope Pesa ya Zawadi, Shika Makasi

Wasee, leo tuongee kuhusu ile orodha ya WhatsApp. Hapa nasema WhatsApp ya familia, ile ya mabeste tuiache. Shangazi anafungua grupu ya kuchangia sherehe, anabandika majina, na mbele ya kila jina kuna kiasi. Anko 5,000. Mama mdogo 3,000. Orodha inazunguka, kila mtu anainakili na kuongeza lake. Halafu kuna wewe. Una miaka 22, kazi yako ni ya kubahatisha, na ukifikiria kuandika 200 chini ya 5,000 ya anko unaona afadhali simu izime chaji.

Kwa hivyo unafanya moja kati ya mambo mawili. Unakopa kwa simu ili jina lako likae poa, ama unanyamaza, na siku ikifika unasema uko na shughuli. Nimeona wenzangu wengi wakichagua la pili. Hawajaacha kupenda familia zao. Wameacha kwenda nyumbani kwa sababu hawana kiasi cha kuandika mbele ya jina.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanuna: kazi ya mikono ni mchango, na inafaa iandikwe kwa hiyo orodha kama mchango mwingine wowote. "14. Mimi: mapambo." Basi. Na kama hujawahi kutengeneza kitu maishani, pa kuanzia rahisi kuliko pote ni felti.

Felti ni kile kitambaa kinene, laini, cha rangi kali, kinachouzwa kwa karatasi za saizi ya A4 kwenye maduka ya vifaa vya shule na ya vitambaa. Ya asili inatengenezwa kwa sufi ya kondoo. Unywele wa sufi una magamba madogo sana. Ukiutia maji moto na sabuni kisha usugue, magamba yanafunguka na nywele zinashikana mpaka hazitengani tena. Watu wa nyika za Mongolia na Asia ya Kati wanajengea nyumba kwa felti tangu zamani. Hii yetu ya dukani mara nyingi ni poliesta, imedungwadungwa na sindano za mashine mpaka nyuzi zikashikana.

Kwa nini hilo ni muhimu kwako? Kwa sababu kitambaa cha kawaida kimefumwa, na ukikikata tu kinaanza kutoa nyuzi. Lazima upinde, ushone pindo, uwe na cherehani au fundi. Felti haijafumwa. Ukikata imekatika, ukingo unabaki safi. Kwa hivyo mtu ambaye hajui kushona hata kifungo anaweza kutoa kitu cha maana kwa mchana mmoja, akiwa na makasi, gundi, sindano na uzi.

Najua unachofikiria: hizo ni kazi za watoto wa chekechea, na zawadi ya kutengenezwa ni zawadi ya mtu bahili. Hapo ndipo sikubaliani kabisa. Kwani sisi tulianza lini kufikiri hivyo? Nenda Lamu uulize kofia iliyodariziwa kwa mkono inachukua muda gani. Ni wiki na wiki za sindano, na hakuna mtu anayemwita bahili aliyepewa moja na mamake. Harusi za Mombasa zina vikuba vya asumini vinavyofungwa kwa vidole. Kiondo cha mkonge kilichosukwa na nyanya kimebeba zawadi za harusi tangu kabla ya babu zetu. Kwetu zawadi ya mkono haikuwahi kuwa aibu. Aibu imekuja juzi, pamoja na picha za sherehe za watu wenye pesa.

Na lazima niseme ukweli kuhusu sisi tunaotengeneza kontenti, maana ni upande wetu umeharibu hii kitu. Unaona video ya sekunde 30, mtu anakata, anabandika, anatabasamu, imeisha. Hujaonyeshwa saa nne zilizokatwa. Hujaambiwa mashine ya kukatia herufi imetoka ng'ambo. Ukijaribu kwako inatoka imepinda, unajiona huna kipaji, unarudi kukopa. Kipaji unacho. Ulichokosa ni mtu wa kukupa vipimo.

Basi vipimo ni hivi. Vitu vitatu, hakuna mashine.

Cha kwanza ni bango la HONGERA. Herufi saba, na linafaa mahafali, harusi, mtoto mchanga, hata mtu aliyepata leseni ya kuendesha. Nunua karatasi nne za rangi moja na moja ya rangi nyingine. Zile nne zikate kila moja katikati upate bendera nane. Moja ni ya akiba. Ile ya tano ndiyo ya herufi, kila herufi urefu wa sentimita 9 na upana wa 7, zote zinaenea. Chora herufi upande wa nyuma ili alama za kalamu zisionekane mbele, na uzichore kinyume. H, O na A hazina shida, lakini N, G na R zikigeuka ukoo mzima utaona. Bandika, pitisha kamba juu, umemaliza.

Cha pili ni waridi. Kata duara la sentimita 10, kisha ulikate kwa kuzunguka kama maganda ya chungwa mpaka ufike katikati, na uache kipande kidogo cha mviringo pale katikati. Anza kuviringisha kutoka ncha ya nje ukielekea ndani, kisha kile kipande cha mwisho ukigundishe chini kama kitako. Kumi na mbili za hizo ni shada la mama ambalo halinyauki Jumatatu.

Cha tatu ni mfuko wa miwani ya shosho. Kata sentimita 20 kwa 18, kunja upande wa 20 katikati ubaki na 10 kwa 18, halafu shona chini na ubavu mmoja kwa mshono wa blanketi. Juu unaacha wazi. Ukitaka, andika jina lake kwa uzi.

Angalizo mbili. Usipige pasi ya moto felti ya poliesta, itayeyuka. Na kama ni mwanasesere wa mtoto mdogo, usiweke vifungo kama macho, anaweza kukimeza. Kata macho kwa felti na uyashone.

Sasa nieleze kwa nini hii kitu inaniuma. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Mwaka jana binamu yangu, tulioingia chuo pamoja, alifuzu. Unajua mahafali ya Kenya: langoni kuna wauzaji wa zile shada za kung'aa, kila mtu anamvisha mhitimu moja mpaka shingo inapotea. Orodha ya michango ilikuwa imezunguka wiki mbili bila jina langu. Nikamwambia shangazi mapambo ya nyumbani niachie mimi. Nilitengeneza bango na waridi, na nikamkatia binamu shada la felti lenye jina lake na la kozi yake. Zile za kung'aa ziliisha kwa mfuko wa taka jioni hiyo hiyo. Ile ya felti iko ukutani kwake mpaka leo. Lakini la maana kwangu halikuwa hilo. Nilifika saa moja asubuhi kutundika vitu, nikapewa chai, nikatumwa kuleta viti, nikaulizwa maoni. Nilikuwa na sababu ya kuwa pale. Kwa mtu ambaye familia huwa haijui imuulize nini siku ya mahafali ya wengine, hiyo si jambo dogo.

Hili la kukopa nalo tulitaje. Benki Kuu ilianza kutoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022, na angalau sasa kuna sheria. Lakini leseni haifanyi deni kuwa tamu. Mkopo wa biashara unaweza kujilipa. Mkopo wa keki na puto hauna mahali pa kujilipia. Sherehe inaisha Jumamosi na deni linaamka nawe Jumapili. Ukikosa kulipa kwa wakati, riba inakula hata ile 200 uliyoona aibu kuiandika.

Kuna wanaonipinga vizuri. Wa kwanza anasema muda pia ni pesa. Ni kweli. Kama unafanya zamu mbili, nunua zawadi ulale, hakuna atakayekulaumu. Mimi naongea na yule mwenye muda mwingi na mfuko mtupu, na tuko wengi. Wa pili anasema felti ya poliesta ni plastiki tu. Pia ni kweli, ni jamaa moja na chupa ya soda, na nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017. Ndiyo maana nasema tengeneza kitu cha kuwekwa. Bango moja la HONGERA likikunjwa vizuri litahudumia ukoo miaka. Puto zinapasuka kabla ya wageni kumaliza pilau.

Wa tatu ndiye namheshimu zaidi. Anasema kuna wakati familia inahitaji pesa na si maua. Nakubali bila kubishana. Mchango wa hospitali, wa karo au wa mazishi usijibiwe na waridi za felti. Hapo hata 50 itume, na iandikwe. Mimi naongea kuhusu sherehe, mahali ambapo tumejifundisha kwamba furaha lazima ikuwe na risiti.

Na kwa wale wanaoshika ile orodha, mashangazi na maanko: ongezeni safu moja. Pale kwa kiasi, ruhusuni mtu aandike "mapambo", "kupika chapati", "kupiga picha". Haitawagharimu kitu. Na mtaona majina ambayo hamjayaona kwa grupu miaka miwili yakijitokeza.

Wewe nawe, Disemba inakuja na haina simile. Karatasi tano za felti, makasi, gundi. Andika jina lako kwa orodha, na ufike mapema kutundika.